Wanaosugua Benchi

Katika kanuni 13 za mpira wa kikapu ambazo James Naismith, aliyeubuni mchezo huo, alizibandika ukutani mwa jumba la mazoezi huko Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, imo moja inayowashangaza mashabiki wa leo. Mchezaji akifanya faulo ya pili anatoka nje mpaka goli lijalo lifungwe. Akionekana amekusudia kumuumiza mwenzake, harudi tena mechi hiyo, wala haruhusiwi mtu kuingia badala yake. Timu inabaki pungufu. Naismith alikuwa na darasa la vijana 18, akawagawa tisa kwa tisa, na wote wakacheza. Benchi halikuwepo, maana hapakuwa na wa kulikalia.

Hata mchezo ulipotulia kwenye watano kwa watano na kuenea vyuoni, mchezaji wa akiba aliendelea kuwa mtu wa dharura. Mpaka kufikia msimu wa 1920–21, aliyetoka hakuweza kurudi uwanjani. Msimu huo akaruhusiwa kurudi mara moja, na kuanzia 1933–34 mara mbili. Kwa sheria za namna hiyo, kocha alifikiri mara mbilimbili kabla ya kumtoa nyota wake apumue. Mabadiliko yasiyo na kikomo yalikuja msimu wa 1944–45, pamoja na sheria ya kumtoa mchezaji kwa faulo tano. Miaka saba kabla ya hapo ilikuwa imefutwa desturi ya kurudi katikati na kurusha mpira juu kila baada ya kikapu. Mabadiliko hayo mawili yafaa yasomwe pamoja. Kufutwa kwa desturi hiyo kulimnyang'anya mchezaji mahali pa kuvuta pumzi, na mabadiliko yasiyo na kikomo yakampa kocha ruhusa ya kumpumzisha apendavyo. Tangu hapo makocha wa vyuo vya Marekani wamebishana juu ya jambo moja: wachezeshwe wangapi?

Jibu la ajabu kuliko yote lilitoka Chicago. Msimu wa 1962–63, Chuo Kikuu cha Loyola, chini ya kocha George Ireland, kilikuwa na timu iliyoongoza nchi nzima kwa kufunga. Ilikaba uwanja mzima, ikapora mipira, ikakimbia. Mechi yake ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo, NCAA, iliisha kwa Tennessee Tech kufungwa 111–42. Kwa hesabu za kawaida, mchezo wa namna hiyo unataka watu wengi, kwa sababu kukaba uwanja mzima kunakausha mapafu. Loyola haikuwa nao. Katikati ya msimu, wachezaji wawili wa akiba waliotegemewa walikosa sifa za kuendelea kucheza kwa sababu ya alama za darasani. Ireland akabaki na watano wake: nahodha Jerry Harkness na Ron Miller wa New York, Les Hunter na Vic Rouse waliosoma pamoja Nashville, na John Egan, mtoto wa Chicago. Wote isipokuwa Egan walikuwa weusi, enzi ambazo makocha wengi waliafikiana kimyakimya kutopanga weusi zaidi ya wawili au watatu kwa wakati mmoja.

Machi 23, 1963, katika ukumbi wa Freedom Hall mjini Louisville, walikutana na Cincinnati, bingwa wa 1961 na 1962. Zikiwa zimesalia dakika kama 14, Cincinnati ilikuwa mbele 45–30, na Harkness hakuwa ametia hata kikapu kimoja. Hapo kocha wa Cincinnati, Ed Jucker, akafanya ambalo makocha wengi wa zama zile wangelifanya: aliamuru mchezo upoozwe. Saa ya mtupo haikuwepo bado, hivyo timu ingeweza kuushika mpira mpaka watazamaji wasinzie. Lakini baadhi ya wachezaji wake walishafikisha faulo nne, na mtu mwenye faulo nne hakabi mtu. Loyola waliendelea kuwabana, pengo likawa linayeyuka. Sekunde 12 kabla ya filimbi, Larry Shingleton wa Cincinnati alipata mitupo miwili huru. Akafunga wa kwanza, akakosa wa pili. Mpira ukamfikia Harkness, akasawazisha, 54–54. Kwenye nyongeza, wakiwa 58–58, Hunter alitupa akakosa, Rouse akauwahi mpira na kuurudisha kikapuni. 60–58. Dakika 45, watu watano, hakuna badiliko hata moja.

Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa mioyo ya chuma. Sibishi kuhusu mioyo, ila miguu yao ilichoka: walitupa mara 84 wakafunga 23 tu. Naona Jucker aliwasaidia. Timu yenye watu watano waliochoka haiwezi kuomba zawadi kubwa kuliko mpinzani anayetembeza mpira polepole. Kila dakika ambayo Cincinnati waliitumia kulinda uongozi wao, Loyola waliitumia kupumua. Ndiyo maana idadi ya wachezaji haielezi kitu mpaka ujue mechi ilikwenda kwa mwendo gani.

Mwaka uliofuata John Wooden wa UCLA alitoa jibu lililodumu zaidi. Timu yake ya 1964 haikuwa na mchezaji wa kuanza aliyefika mita mbili, nayo ilikaba uwanja mzima na kushinda mechi zote 30. Wooden hakupenda watano, hakupenda kumi. Alipenda saba, nane wakizidi sana. Walioanza waliongozwa na Walt Hazzard na Gail Goodrich; wawili wa kutokea benchi, Kenny Washington na Doug McIntosh, walijua mapema kwamba wataingia na wataingia kufanya nini. Katika fainali mjini Kansas City, Duke walileta majitu mawili ya mita 2.08. Washington alifunga pointi 26, McIntosh akadaka ribaundi 11, na UCLA wakashinda 98–83. Waliobaki kazi yao ilikuwa kuwakimbiza hao saba mazoezini kuanzia Jumatatu. Ni utaratibu mkali, lakini haukumdanganya mtu, na Wooden aliondoka mwaka 1975 akiwa na mataji 10.

Dean Smith aliona vingine, labda kwa kuwa yeye mwenyewe alisugua benchi. Alikuwa mchezaji wa akiba wa Kansas iliyotwaa ubingwa mwaka 1952 chini ya Phog Allen, ambaye naye alifundishwa na Naismith. Alipokuwa kocha wa North Carolina, kuanzia 1961 hadi 1997, alijenga desturi mbili ambazo makocha wengi waliziiga. Ya kwanza ni ya ngumi: mchezaji aliyechoka anainua ngumi juu, anatolewa, na akishapumua anajirudisha mwenyewe bila kuomba. Hii ilikuwa akili kubwa. Kijana akiogopa kupoteza namba, atakuficha uchovu wake mpaka amwachie mtu apite wazi. Ukimhakikishia kwamba namba yake ipo, atakuambia ukweli.

Ya pili ni Timu ya Buluu. Watano wa akiba waliingia kwa pamoja kipindi cha kwanza, wakakimbia na kukaba kama wendawazimu kwa dakika moja au mbili, kisha wakatoka wote. Hawakudaiwa kuongeza pengo. Walidaiwa wasilipunguze, wamchoshe mpinzani, na nyota wapate maji. Kijana ambaye kwa Wooden angemaliza mwaka bila kulowa jasho siku ya mechi, kwa Smith alikuwa na dakika zake zinazojulikana. Hata hivyo, ubingwa wa kwanza wa Smith, ule wa 1982 dhidi ya Georgetown, 63–62, ulikuja kwa benchi jembamba. James Worthy alifunga 28, Michael Jordan wa mwaka wa kwanza akafunga 16, na karibu pointi zote zilitoka kwa watano walioanza.

Miaka ya 1990 ikawa zamu ya kikosi kipana. Arkansas ya Nolan Richardson, iliyojulikana kwa dakika 40 za jehanamu, ilimwaga watu uwanjani kwa mafungu na kuifunga Duke 76–72 katika fainali ya 1994. Kentucky ya Rick Pitino, bingwa wa 1996, ilikuwa na wachezaji tisa ambao wote walikuja kucheza NBA. Ron Mercer, kijana wa mwaka wa kwanza, alitokea benchi akafunga pointi 20 katika fainali dhidi ya Syracuse. Timu hiyo hutajwa kama hoja ya mwisho ya wapenda kikosi kipana. Mimi siitumii, kwa sababu kocha mwenye tisa wa NBA angeshinda hata kwa kupanga timu kwa kura. Anayetaka kuona wazo lenyewe likipelekwa ukomo wake atazame Grinnell, chuo kidogo cha Iowa kinachocheza daraja la tatu, lisilotoa ufadhili wa michezo. Kocha David Arseneault aliyefika huko mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akibadilisha watano wote kwa mkupuo, kila baada ya muda usiozidi dakika moja hivi. Vijana walicheza wote, rekodi za ufungaji zilivunjwa, na ubingwa wa taifa haukuja.

Lakini msimu unaonifundisha zaidi ni wa Connecticut, 2008–09, na si kwa sababu tu katikati ya timu alisimama Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21 za kijana aliyeanza kikapu akiwa tayari mkubwa. Msimu huo alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi, akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Pembeni yake walikuwepo Jeff Adrien, Stanley Robinson, A. J. Price na Jerome Dyson. Kufikia katikati ya Februari, timu ya kocha Jim Calhoun ilikuwa imepoteza mechi moja tu.

Februari 11, katika ushindi dhidi ya Syracuse, Dyson aliumia goti, na msimu wake ukaisha hapo. Kwa karatasi, Connecticut walipoteza mtu mmoja. Kwa uwanja, walipoteza wawili: Craig Austrie, aliyekuwa akituliza mchezo, sasa alihitajika muda mrefu zaidi, na nafasi ya Austrie ikabaki kwa Kemba Walker wa mwaka wa kwanza. Mzunguko ukabaki wa watu saba, wa saba akiwa Gavin Edwards, msaidizi wa Thabeet. Saba ni idadi ileile ya Wooden. Tofauti ni kwamba saba wa Wooden walipangwa tangu Oktoba, hawa walitokana na ajali. Connecticut ilimaliza msimu na vipigo vitano. Vinne vilikuja baada ya goti la Dyson.

Kimojawapo kilitokea Machi 12, robo fainali ya Big East, Madison Square Garden, dhidi ya Syracuse walewale. Dakika 40 ziliisha 71–71. Zikaja tano za nyongeza, zikaja nyingine, mpaka zikafika nyongeza sita. Syracuse hawakuongoza hata mara moja katika nyongeza tano za mwanzo. Waliokoka kwa kusawazisha tu. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Andy Rautins alipofunga pointi tatu mwanzoni mwa nyongeza ya sita, Connecticut hawakuwa tena na cha kujibu. 127–117, saa saba na dakika 22 usiku. Tangu daraja la kwanza lianze, ni mechi moja tu iliyowahi kwenda nyongeza nyingi zaidi, saba, kati ya Cincinnati na Bradley mwaka 1981.

Watu huikumbuka mechi hiyo na kuishia hapo. Mimi hufuata yaliyotokea baadaye. Usiku uliofuata Syracuse walirudi palepale, wakaingia tena nyongeza dhidi ya West Virginia, wakashinda 74–69. Siku ya tatu, kwenye fainali, walikuta Louisville ya Pitino, timu ya kukaba na kukimbia, wakafungwa 76–66. Hapa ndipo kikosi kipana kinapolipa waziwazi: mashindano ya ligi, ambako mechi hufuatana usiku kwa usiku. Mashindano ya NCAA hayako hivyo. Mechi huachana siku moja katikati, kisha wiki nzima. Ndani ya mechi yenyewe, matangazo ya televisheni husimamisha mchezo karibu kila dakika nne. Mchezaji mwenye pumzi njema anaweza kucheza dakika 36 Machi na asife. Makocha wanajua, ndiyo maana mwezi huo hata wenye watu kumi huanza kuwasahau wawili watatu.

Connecticut iliyochoka ikapata wiki ya kupumzika na kuingia NCAA kama mtu mwingine. Waliifunga Chattanooga 103–47, wakaifunga Texas A&M na Purdue, kisha mjini Glendale, Arizona, wakakutana na Missouri. Missouri ilifundishwa na Mike Anderson, aliyekuwa msaidizi wa Richardson huko Arkansas kwa miaka mingi na kuurithi mchezo ule wa kubadilisha watu kwa mafungu. Kama nadharia ya kikosi kipana ni ya kweli, timu ya watu saba ilipaswa kufia pale. Walishinda 82–75. Aliyewaokoa alitokea benchi: Kemba Walker, pointi 23. Benchi lao lilikuwa la watu wawili, na mmoja alitosha.

Wiki moja baadaye, Aprili 4, hakutosha. Nusu fainali ilichezwa Ford Field, Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000, wengi wao wa Michigan State, chuo cha jimbo hilohilo. Kocha wao, Tom Izzo, alikuwa na watu zaidi ya tisa aliowaingiza bila kusita, na aliwatuma wakimbie kila walipopata mpira, ili Thabeet alazimike kurudi nyuma mbio kila mara. Hilo halikuwa la bahati. Mlinzi wa mita 2.21 ni ukuta akishasimama chini ya kikapu, na ni abiria kama bado yuko njiani. Thabeet alifunga pointi 17 na mchezo wake haukuwa mbaya. Lakini Korie Lucious, wa mwaka wa kwanza, alitokea benchi la Michigan State akafunga 11, na wenzake wa akiba wakaongeza, wakati benchi la Connecticut halikupata chochote cha maana. 82–73. Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet wa pili katika orodha nzima ya NBA.

Anayedhani hapo kikosi kipana kilithibitishwa asubiri siku mbili. North Carolina iliivaa Michigan State ile ile, na kufikia mapumziko ilikuwa 55–34. Iliisha 89–72. Ty Lawson, Wayne Ellington na Tyler Hansbrough walikuwa bora kuliko mtu yeyote ambaye Izzo angeweza kumwingiza, na kuingiza mtu safi asiyeweza kumzuia Lawson ni kumpelekea Lawson mtu safi wa kumpita.

Miaka sita baadaye hoja ilifika kileleni. Kentucky ya John Calipari ilianza msimu wa 2014–15 na wachezaji kumi wa kiwango cha juu, akawagawa katika vikosi viwili vya watano na kuvibadilisha kwa zamu, mtindo wa Smith uliopewa misuli. Novemba waliitandika Kansas 72–40. Karl-Anthony Towns, ambaye baadaye alichaguliwa wa kwanza NBA, alicheza takriban nusu ya kila mechi tu. Devin Booker alitokea benchi. Desemba Alex Poythress aliumia goti, vikosi viwili vikavunjika, na bado walifika nusu fainali wakiwa 38–0. Wisconsin ya Bo Ryan iliwangoja Indianapolis na watu wachache waliocheza pamoja kwa miaka, Frank Kaminsky na Sam Dekker mbele. Kentucky walikuwa wakiongoza zikibaki dakika sita na ushee. Kisha mara tatu mfululizo saa ya mtupo ikawaishia mkononi. 71–64. Maoni yangu, na najua wapo wasiokubali: Kentucky walishinda mechi nyingi mno kwa kuwachosha watu, hata watano wao hawakupata mahali pa kujifunza nani achukue mpira mambo yakibana.

Mshindi wa jumla alikuwa Duke, aliyemaliza na wanane tu wenye ufadhili. Msimu ulianza na kumi. Mmoja alihama Desemba, mwingine aliondolewa kikosini Januari. Katika fainali Wisconsin ilikuwa mbele 48–39, Jahlil Okafor akiwa taabani kwa faulo, kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, akamtegemea Grayson Allen, wa mwaka wa kwanza ambaye wastani wake ulikuwa chini ya pointi tano. Allen alifunga 16, Tyus Jones akamalizia kazi, 68–63. Je, Allen angekuwa uwanjani kama wale wawili wangekuwepo? Sidhani. Januari ndiyo iliyompa dakika, na dakika zile ndizo zilizomfanya aaminike Aprili.

Yule aliyehama Desemba ni Semi Ojeleye. Alikwenda SMU huko Dallas, akasubiri mpaka msimu wa 2016–17 ndipo akacheza, akamaliza akiwa mchezaji bora wa ligi ya American Athletic, na Boston Celtics wakamchukua. Kwa Duke wa 2015 alikuwa mtu wa tisa au wa kumi. Tangu 2021 wa namna yake hahitaji kusubiri: anahama Aprili, anacheza Novemba. Kocha anayetaka kumi sasa hana budi kuwashawishi watatu kati yao wabaki.